Maswali na Majibu: Mwalimu Ugenini, Karantini Mlangoni

Barua za toleo hili zimetoka kwa walimu wanaofundisha nje ya nchi zao. Shule au mtaa wao umepata mlipuko wa ugonjwa na wameambiwa wasitoke. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Kila nchi ina sheria zake, kwa hiyo tumekaa kwenye mambo yasiyobadilika sana: siku zinavyohesabiwa, karatasi za kudai, usafi wa chumba, mshahara, viza, na kazi yenyewe ya kufundisha ukiwa umefungiwa.

SWALI: Mimi ni mzima kabisa. Mwanafunzi wa darasa langu amelazwa, na nimeambiwa nikae ndani siku 14. Mkuu wa shule anasema siku zimeanza leo Jumatatu nilipopewa taarifa. Mwenzangu anasema zimeanza Ijumaa, siku ya mwisho mwanafunzi yule kuja darasani. Nani yuko sahihi? (Mwalimu wa sayansi)

JIBU: Mwenzako. Siku za karantini huhesabiwa tangu ulipokuwa na mgonjwa kwa mara ya mwisho, si tangu barua ilipokufikia. Ijumaa ni siku sifuri, Jumamosi ni ya kwanza, na Jumatatu hii tayari uko siku ya tatu. Siku ya 14 itakuwa Ijumaa ya wiki ya pili. Kwa anayewasili kutoka nchi yenye mlipuko, ambaye hajui alikutana na nani, maafisa wengi huanza na siku ya kuwasili. Wewe hukuwasili leo, na tarehe yako inajulikana.

Idadi ya siku inatokana na muda mrefu zaidi ambao kimelea huweza kukaa mwilini kabla mtu hajaanza kuugua. UVIKO-19 ni siku 2 hadi 14, na ndiyo maana karantini yake ilikuwa ya siku 14. Ebola ni siku 2 hadi 21. Ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003 ulikuwa siku 2 hadi 10, hivyo watu walikaa ndani siku 10. Tetekuwanga ni 10 hadi 21, matumbwitumbwi 12 hadi 25. Mafua makali ni siku 1 hadi 4 tu. Ukiambiwa idadi isiyolingana na ugonjwa uliotajwa, uliza kwa upole imetoka wapi. Mara nyingi utakuta mtu wa ofisini amenakili barua ya mlipuko uliopita.

Sasa dai karatasi. Taarifa ya mdomo, au ujumbe wa mkuu wa shule kwenye kikundi cha WhatsApp, hautakusaidia mbele ya bima, uhamiaji wala shirika la ndege. Amri iliyokamilika huwa na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, ugonjwa unaoshukiwa, tarehe ya mwisho ya kukutana na mgonjwa, siku na saa ya kumaliza, mahali unapopaswa kukaa, kifungu cha sheria kilichotumika, jina la afisa na simu ya ofisi yake, na namna ya kukata rufaa. Ikiwa imeandikwa kwa lugha usiyoisoma, ipige picha uitafsiri kwa simu ili upate maana ya jumla, kisha uombe mtu wa shule akusomee upya sehemu mbili: tarehe na adhabu. Programu za kutafsiri huteleza hasa kwenye tarehe zilizoandikwa kwa kalenda au mpangilio tofauti.

Jambo moja ambalo tungependa kila mwalimu alishike: karantini ni ya mtu mzima aliyekuwa karibu na mgonjwa, na kutengwa ni kwa aliyethibitika kuumwa. Hawa wawili hawapaswi kulala chumba kimoja. Ukipelekwa kwenye kituo ukaona mmechanganywa na wenye majibu ya kuthibitisha ugonjwa, sema papo hapo: "Mimi ni wa karantini, sijathibitika." Rudia kwa maandishi kwenye simu ya ofisi iliyotoa amri. Hapo husumbui mtu. Usipohamishwa, hata hesabu yako ya siku inakosa maana, maana kila siku unakutana na wagonjwa upya.

SWALI: Nilipimwa siku ya pili, majibu yakasema sina ugonjwa. Bado wamenizuia. Je, hawaamini maabara yao wenyewe?

JIBU: Wanaiamini, ila kipimo kinaonyesha hali ya siku ile uliyopimwa. Siku za mwanzo vimelea huwa vichache mno puani na kooni, hata kipimo kizuri hakivioni. Kipimo cha siku ya pili hakiwezi kukuhakikishia siku ya saba. Unachoweza kudai kwa haki ni ratiba: je, kuna kipimo cha pili, ni siku ya ngapi, na kikionyesha huna ugonjwa kinafupisha muda au hakifupishi? Baadhi ya nchi hufupisha, nyingine hazifupishi.

Wakati huo huo pima joto asubuhi na jioni, saa zile zile. Tumia kipimajoto kimoja na sehemu moja ya mwili siku zote, kwa sababu kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni, na ukichanganya utajitisha au utajidanganya. Kama unapima mdomoni, subiri nusu saa baada ya kula, kunywa kitu cha moto au baridi, au kuoga. Nyuzi 38 za Selsiasi na kuendelea ni za kutolea taarifa mara moja.

Tunaona kosa moja tena na tena: mtu ana kichwa kinamuuma, anameza paracetamol, kisha saa mbili baadaye anapima na kuandika 36.8. Dawa hiyo hushusha homa kwa saa nne hadi sita. Pima kwanza, meza baadaye, na uandike vyote viwili kwenye daftari pamoja na saa. Afisa akiona umeandika dawa pia, atakuamini zaidi kuliko anapoona nambari nzuri mfululizo.

SWALI: Tunaishi walimu wawili kwenye nyumba moja ya shule, vyumba viwili, jiko moja na choo kimoja. Sote tumewekwa karantini. Tuishi vipi, na tusafishe kwa kutumia nini? (Walimu wa lugha)

JIBU: Ishini kana kwamba mmoja wenu ataugua kesho. Akiugua siku ya tisa, na mlikuwa mnakula meza moja, mwenzake anarudi siku sifuri. Hivyo ndivyo karantini ya siku 14 inavyogeuka kuwa ya siku 23. Kila mtu alale chumba chake, mlango ufungwe, dirisha liwe wazi kadiri hali ya hewa inavyoruhusu. Jikoni pangianeni zamu, na kati ya zamu moja na nyingine acheni dirisha wazi robo saa au zaidi. Kila mtu awe na sahani, kikombe na taulo lake. Mkilazimika kuzungumza ana kwa ana, vaeni barakoa na mfanye hivyo karibu na dirisha.

Usafi una hatua mbili, na wengi huruka ya kwanza. Kwanza osha kwa maji na sabuni, kwa sababu uchafu huua nguvu ya klorini. Pili paka mchanganyiko wa klorini na uuache dakika 10 kabla ya kufuta. Kwa vitasa, swichi, bomba na choo, nguvu ya asilimia 0.1 inatosha. Soma chupa ya dawa ya klorini ya kufulia. Ikisema asilimia 5, chukua mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai, weka maji hadi ifike lita moja. Ikisema asilimia 2.5, chukua mililita 40. Chupa ya nguvu nyingine, gawanya nguvu yake kwa 0.1: jibu ni jumla ya sehemu, moja ya dawa na zilizobaki za maji. Penye matapishi, damu au kinyesi tumia asilimia 0.5, yaani mililita 100 za dawa ya asilimia 5 kwa kila lita moja ya mchanganyiko.

Tumia maji baridi, kwa kuwa ya moto huiharibu klorini. Tengeneza ya siku moja tu, iweke mbali na jua, uandike kwenye chupa ni nini na ni ya lini. Usiichanganye na siki, na dawa ya choo yenye tindikali, wala na kitu chenye amonia: hutoa gesi ya sumu, na chumba kidogo chenye dirisha lililofungwa ndipo mahali pabaya kabisa pa kufanya kosa hilo. Kama ugonjwa ni wa kuhara na kutapika, msitegemee kitakasa mikono cha alkoholi peke yake. Virusi vya norovirus havikisikii vizuri. Sabuni na maji ya kutiririka, sekunde 40 hadi 60, ndiyo njia.

Kuna kitu kimoja ambacho hakiko kwenye vipeperushi vingi. Angalieni tundu la maji kwenye sakafu ya bafu. Chini yake bomba limekunjwa kama herufi U, na maji yanayobaki kwenye mkunjo huo huzuia hewa ya bomba la majitaka isirudi ndani. Tundu lisilotumika hukauka, na kizuizi hicho hakipo tena. Mwaka 2003, katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong, zaidi ya watu 300 waliambukizwa SARS, na uchunguzi ulionyesha kwamba mikunjo iliyokauka, pamoja na feni za bafuni zilizokuwa zikivuta hewa ya mabomba kuingia ndani, ilichangia kusambaza virusi kutoka nyumba hadi nyumba. Mimineni karibu nusu lita ya maji kwenye kila tundu la sakafu angalau mara moja kwa wiki, na funikeni choo kabla ya kuvuta maji. Mkisikia harufu ya majitaka bafuni, zimeni feni, mimineni maji, kisha mpige simu kwa msimamizi wa jengo.

SWALI: Shule inasema siku za karantini ni likizo bila malipo kwa sababu "hujaumwa". Pia wamenitumia bili ya hoteli waliyonipangia. Nifanye nini? (Mwalimu, mwaka wa kwanza wa mkataba)

JIBU: Shule imegusa pengo ambalo lipo kweli kwenye mikataba mingi. Likizo ya ugonjwa inadai mgonjwa mwenye cheti cha daktari, na wewe huna ugonjwa. Likizo ya mwaka inadai uiombe, nawe hukuiomba. Kwa hiyo soma sehemu tatu za mkataba kabla hujajibu: likizo ya ugonjwa, matukio yasiyozuilika, na ile inayosema kazi inafanyikia wapi. Kisha tafuta sheria ya kazi ya nchi uliyopo, kwani zipo nchi ambazo sheria inamlazimu mwajiri, au mfuko wa hifadhi ya jamii, kumlipa aliyezuiwa kwa amri ya afya. Mkataba hauwezi kukupa pungufu ya unachopewa na sheria hiyo.

Hata hivyo, njia fupi kuliko zote ni kufanya kazi na kuonekana umefanya kazi. Leo hii andika barua pepe ya mistari mitatu: kwamba umepokea amri ya tarehe fulani, kwamba uko tayari kufundisha vipindi vyako vyote kwa mtandao kuanzia tarehe fulani, na kwamba unaomba ratiba. Wakikujibu "sawa", umekuwa kazini. Wasipojibu, fundisha kadiri unavyoweza na uandike kila siku: tarehe, darasa, kipindi, mada, wanafunzi waliohudhuria, kazi zilizosahihishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mshahara wa siku 14 ni mali.

Kuhusu bili ya hoteli, jibu linategemea uliingia karantini ukiwa nani. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, zinasema katika kifungu cha 40 kwamba nchi isimtoze msafiri gharama za karantini iliyomwekea kwa ajili ya kulinda afya ya umma. Lakini kifungu hicho hicho kinawaacha nje wasafiri wanaoomba ukaazi, wa muda au wa kudumu. Mwalimu anayeingia kwa kibali cha kazi huangukia humo mara nyingi. Wakati wa UVIKO-19 nchi kadhaa, Australia, New Zealand na Uingereza zikiwemo, ziliwatoza watu gharama za hoteli. Na ikiwa ulikuwa tayari unaishi nchini ulipokutana na mgonjwa, wewe si msafiri tena: hapo sheria ya nchi ndiyo inayoamua.

Kwa hiyo usilipe kimya kimya wala usigome. Uliza kwa maandishi nani aliagiza hoteli, serikali au shule. Kama ni shule iliyochagua hoteli wakati amri iliruhusu kukaa nyumbani, gharama ni ya aliyechagua, na una hoja nzito. Bima ya afya nayo kwa kawaida hulipa matibabu, si kitanda cha mtu mzima. Bima ya safari inaweza kulipa, ila isome uone kama imeondoa milipuko, na kama ilinunuliwa kabla mlipuko haujatangazwa. Ikinunuliwa baada ya hapo, madai hukataliwa kwa hoja kwamba hatari ilikuwa inajulikana. Wala usitegemee ndege ya kukurudisha nyumbani. Sera nyingi za bima hazimsafirishi mtu ambaye mamlaka za afya zimemzuia.

SWALI: Viza yangu inaisha nikiwa ndani, siku ya 11. Uhamiaji wanataka nifike mwenyewe kwa alama za vidole. Ubalozi wangu unaweza kunitoa?

JIBU: Hauwezi kukutoa. Ubalozi hauna mamlaka juu ya amri ya afya ya nchi mwenyeji. Unachoweza kufanya ni kupiga simu mahali ambapo simu yako haipokelewi, kukupatia mkalimani au orodha ya mawakili, kuwajulisha ndugu, na kukupa hati ya safari pasipoti ikipotea. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu Uhusiano wa Kikonseli unampa raia wa kigeni aliyezuiliwa haki ya kuwasiliana na ubalozi wake. Ukinyang'anywa simu, omba haki hiyo kwa jina. Kama ulikuwa hujajiandikisha ubalozini, fanya hivyo leo.

Viza ishughulikie kabla haijaisha, hata kama imebaki siku moja. Tuma maombi ya kuongeza muda kwa mtandao au barua pepe, ambatanisha amri ya karantini na ukurasa wa picha wa pasipoti, na uombe tarehe mpya ya alama za vidole baada ya siku yako ya kutoka. Hifadhi picha ya skrini inayoonyesha saa uliyotuma. Mwambie pia afisa rasilimali watu wa shule aende na nakala, kwa sababu sehemu nyingi mwajiri ndiye mdhamini wa kibali na anaruhusiwa kuwasilisha. Mtu aliyeomba kabla ya tarehe na mtu aliyeomba siku mbili baadaye hawatazamwi kwa jicho moja, hata kama sababu ni ile ile. Usimkabidhi mtu pasipoti yenyewe bila stakabadhi iliyosainiwa.

Ukiwa na tiketi ya ndege, omba kubadilisha tarehe, usiifute. Ukifuta mwenyewe, mara nyingi umepoteza haki ya kurudishiwa.

SWALI: Nina wanafunzi 40, intaneti ya hoteli inakatika kila dakika tano. Nifundisheje?

JIBU: Acha wazo la kuhamishia ratiba nzima kwenye video. Saa moja ya video ya kikundi yaweza kula gigabaiti nzima au zaidi, na sauti peke yake hula sehemu ndogo sana ya hapo. Panga kipindi hivi: usiku wa kuamkia, tuma ukurasa mmoja wa maelezo na maswali matano. Asubuhi kaa nao kwa sauti dakika 15 hadi 20, kamera imezimwa, ueleze lile gumu moja tu. Wape dakika 25 wafanye kazi kimya, kisha rudi dakika 10 kujibu. Mtandao ukikatika katikati, wanayo kazi mikononi na darasa haliyumbi. Kwa somo linalohitaji kuonyesha hatua, kama hisabati, andika kwenye karatasi nyeupe kwa kalamu nene, piga picha kila hatua, zitume kwa mpangilio pamoja na ujumbe wa sauti wa dakika moja moja.

Simu yako iwe njia ya akiba: weka bando lake, jaribu kuitumia kama modemu kabla ya siku ya kwanza, uijue kona ya chumba inayoshika mawimbi vizuri. Madaftari yasiletwe chumbani. Mwenzako shuleni apige picha madaftari ya wanafunzi kumi kwa siku, usahihishe hayo, kesho ya wengine. Na usimtaje mgonjwa kwa jina darasani hata kama kila mtu anamjua. Mtoto huyo atarudi kukaa kwenye dawati lile lile.

SWALI: Dawa zangu za shinikizo la damu zimebaki za siku sita. (Mwalimu mkuu msaidizi)

JIBU: Omba leo, usingoje zibaki mbili. Taja jina la kemikali ya dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye boksi, pamoja na miligramu na mara kwa siku, kwa sababu jina la biashara hubadilika kila nchi na mfamasia anaweza asilijue. Tuma picha ya boksi, ya kidonge na ya cheti cha daktari. Kama dawa hiyo haipatikani, daktari ndiye achague mbadala. Usikate vidonge nusu ili vifike, maana shinikizo hupanda bila kukuarifu. Kwa wasomaji ambao bado hawajafungiwa: akiba ya siku 30 ndani ya begi la mkononi, pamoja na kipimajoto, chaja, adapta ya soketi za nchi hiyo, na nakala za mkataba, bima na kadi ya chanjo.

SWALI: Kuna surua shuleni. Nilichanjwa utotoni lakini kadi haipo. Nitafungiwa?

JIBU: Pengine, lakini wahi. Chanjo ya surua ikitolewa ndani ya saa 72 tangu ulipokutana na mgonjwa inaweza kukukinga, na sehemu nyingi hukuruhusu kuendelea na kazi ukishaipata. Njia nyingine ni kipimo cha damu cha kinga. Kikionyesha unayo, karatasi hiyo inasimama badala ya kadi. Asiye na ushahidi wowote huzuiwa kwenda shule hadi siku 21. Kumbuka mgonjwa wa surua huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele kutokea, kwa hiyo hesabu saa zako kuanzia alipokuwa darasani, si alipotoka vipele. Mwalimu mjamzito au mwenye kinga dhaifu asichanjwe. Amwone daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa ipo sindano ya kingamwili inayotolewa ndani ya siku sita.

SWALI: Tumesikia kesho wanafunga eneo. Nipande ndege usiku huu?

JIBU: Jiulize jambo moja: nimekuwa karibu na mgonjwa? Kama jibu ni ndiyo, au hujui, usipande. Unaweza kuugulia angani, ukazuiwa nchi ya kupitia ambako huna viza, huna shule wala mtu. Pia mkataba utasomeka kwamba umeacha kazi, na bima ina sababu ya kukukana. Kama hapana, mipaka iko wazi na hujapewa amri yoyote, basi kuondoka ni uamuzi wako wa kawaida. Mwarifu mwajiri kwa maandishi kabla ya kuondoka, si ukiwa umefika.

Ujue pia kwamba karantini haichagui mwenye hatia. Mei 2009, katika mlipuko wa mafua ya H1N1, mgeni mmoja wa hoteli ya Metropark huko Hong Kong alithibitika kuumwa, na watu takriban 300, wageni na wafanyakazi, wakafungiwa siku 7. Wengi wao hawakuwahi kumwona.

SWALI: Silali. Nimejaa hofu, na nyumbani nawaambia niko salama. Ni kawaida?

JIBU: Ni kawaida, na ina uzito wake. Utafiti uliofanywa kwa watu 129 waliokaa karantini ya SARS huko Toronto uliona dalili za msongo mkubwa wa baada ya tukio kwa karibu asilimia 29 yao, na waliokaa muda mrefu zaidi waliumia zaidi. Kwa hiyo usiichukulie hofu yako kama udhaifu. Amka saa ile ile uliyokuwa ukiamkia shuleni, fungua pazia mara moja, vaa nguo za kazi. Kitanda kiwe cha kulala tu, hata kama ni fanicha pekee: fundishia kwenye kiti. Tembea ndani ya chumba dakika tano kila saa. Habari za mlipuko zisome mara moja kwa siku, kutoka chanzo kimoja, na isiwe usiku.

Na kuhusu nyumbani, chagua mtu mmoja utakayemwambia ukweli wote, joto lako na hofu yako. Wengine yeye atawapasha. Kuwadanganya wote kwa pamoja ni mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Ukiona mawazo ya kujidhuru yanakujia, piga namba ya dharura au ya afisa wa afya saa hiyo hiyo. Mtu wa karantini hutibiwa kama mtu mwingine yeyote.

SWALI: Natoka kesho. Kuna la kufanya, au nafungua tu mlango?

JIBU: Usifungue kwa kukisia. Ngoja hati ya kumaliza karantini, au ujumbe rasmi wenye jina lako na tarehe. Wapo waliotozwa faini kwa kutoka asubuhi ilhali amri iliishia saa sita usiku wa siku hiyo. Hati hiyo ikague jina na namba ya pasipoti kabla afisa hajaondoka, kwa sababu herufi moja iliyokosewa ni safari nyingine ya ofisini. Nakala moja peleka shuleni, nyingine bima, na ya tatu iambatanishe na faili la viza. Shuka na taulo zifue kwa maji ya moto, takataka zifunge mifuko miwili, na daftari la joto usilitupe hadi mshahara wa mwezi ule uingie wote.